Jicho Mbele ya Theluji

Kamera, kwa jinsi ilivyoundwa, haijui theluji. Fundi aliyeitengeneza aliitia ndani yake kipimo cha nuru, na kipimo hicho alikifunza jambo moja tu: kwamba ulimwengu, ukichanganywa weupe wake na weusi wake, majani yake na mawe yake, nguo zake na nyuso zake, aghalabu hutoa kijivu cha wastani, kinachorudisha takribani asilimia 18 ya nuru inayokiangukia. Dhana hii si ya kubezwa, maana katika bustani, sokoni, ufukoni penye minazi, au katika njia za mji wakati wa kiangazi, huwa kweli au hukaribia kweli, na picha njema zisizo na idadi zimepatikana kwa kuiamini. Walakini katika nchi za kaskazini, usiku mmoja wa Desemba ukitandaza theluji juu ya mapaa, barabara na matawi ya miti, dhana hiyo haiamki salama asubuhi yake. Theluji mpya hurudisha asilimia 80 hadi 90 ya nuru. Kamera, ikikutana na ulimwengu unaong'aa kuliko ilivyofunzwa, huhukumu kuwa nuru imezidi, ikaipunguza, na theluji iliyomfanya mtu afinye macho ikatoka pichani na rangi ya majivu.

Nimeanza na jambo hili la ufundi kwa sababu ndani yake limejificha jambo la tabia. Picha ni shahada: mtu alisimama mahali fulani, saa fulani, akaona, kisha akawapa habari ya alichokiona watu ambao hawakuwapo. Kamera ni karani wa shahidi huyo. Huandika upesi, na kwa hati nzuri, lakini amezoea mashauri ya namna moja, na likifika shauri lisilofanana na yale aliyoyazoea huliandika kwa maneno ya mashauri ya zamani. Katika mchana wa kiangazi shahidi aweza kumwachia karani kazi yote asipate hasara kubwa. Katika mchana wa theluji hawezi. Ndiyo sababu nayaona majira ya baridi, ambayo wengi huyahesabu kuwa likizo ya kamera, kuwa ni chuo cha mpigapicha: humlazimisha ajue alichokiona, akiamini, na akitetee hata mbele ya chombo chake mwenyewe.

Utetezi wenyewe hauna ugumu mkubwa. Mwenye kamera ya filamu hupima nuru, kisha hufungua tundu la lenzi kuliko alivyoambiwa, au huongeza muda wa nuru kuingia, kwa hatua 1 hadi 2, na kila hatua ni maradufu ya nuru ya hatua iliyotangulia. Mwenye kamera ya siku hizi hutafuta kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, akajumlisha 1, akatazama, akaongeza kama haja ipo. Mwenye simu hugusa kioo mahali palipo na kitu anachokitaka, ikatokea alama ndogo ya jua, akaitelezesha juu mpaka theluji ikawa theluji.

Lakini hadhari ni wajibu, kwa kuwa mwenye kuitetea kweli aweza kuipita. Theluji si karatasi tupu. Ina punje, ina mikunjo iliyochongwa na upepo, ina kivuli chembamba kando ya kila kijibonde, na nuru ikizidishwa kupita kiasi yote hayo hufutika, yakabaki mabaka meupe yasiyo na habari, ambayo katika picha ya kidijitali hapana fundi awezaye kuyahuisha. Mmarekani Ansel Adams, aliyeyapigia picha majabali na mabonde ya Yosemite katika majira yote ya mwaka, alitunga pamoja na Fred Archer, karibu na mwaka 1940, kanuni ya kuigawa safari nzima ya nuru, kutoka weusi mtupu hadi weupe mtupu, katika madaraja, ili mpigapicha, kabla hajabonyeza, aamue kila sehemu ya picha itakaa daraja gani. Faida ya kanuni hiyo kwa mtu aliye mbele ya theluji ni kumwonyesha kuwa theluji yenye jua hukaa karibu na daraja la juu, lakini si juu kabisa. Daraja la mwisho huachiwa cheche ya jua juu ya barafu, na yale yaliyo chini yake ndiyo yanayobeba punje na mikunjo. Aliyejua kupambanua weupe wenye habari na weupe mtupu ameshika nusu ya elimu hii.

Nusu ya pili ni uso wa mwanadamu, na hapa nasema hasa na jamaa zetu walioandikiwa riziki katika miji ya baridi, Toronto na Minneapolis, London na Oslo, ambao kila mwaka theluji ya kwanza ikianguka hutoka nje na watoto wao kupiga picha za kupeleka nyumbani. Nyingi katika picha hizo zina msiba mmoja: theluji ya kijivu, na mbele yake koti la rangi njema, na ndani ya kofia ya koti hilo giza lisilo na macho wala tabasamu. Mama aliyeko Tanga au Lamu huipokea, akamshukuru Mungu kwamba mwanawe ana nguo nzito. Lakini uso aliokuwa na shauku nao hajauona. Sababu ni ile ile tuliyoitaja, ila hapa dhuluma yake ni kubwa zaidi, kwa kuwa kamera, ikijitahidi kuuzima mng'aro wa theluji, huuzima na uso uliosimama mbele yake, na uso mweusi ndio unaopoteza zaidi.

Jambo hili lina nasaba ndefu kuliko theluji. Kwa miaka mingi ya karne ya 20, maabara za kusafishia picha za rangi zilirekebisha mitambo yao kwa kadi za Kodak zilizojulikana kama kadi za Shirley, zenye sura ya mwanamke mweupe, na ngozi nyingine zote za wanadamu zikaachwa zitokee zitakavyotokea. Anayefahamu habari hiyo hatayapokea makadirio ya mashine kuwa ndiyo hukumu ya mwisho juu ya sura ya mtoto wake. Atamkaribia mtoto mpaka uso uijaze picha, atapima nuru ya uso, ataishikilia kamera katika kipimo hicho, kisha atarudi nyuma na kupiga. Na kama theluji iliyo mbali itapoteza punje zake kwa ajili hiyo, basi na ipoteze, maana katika picha ya mtu uso una haki ya kwanza.

Akifanya hivyo atagundua kuwa theluji, iliyokuwa hasimu, ni rafiki mkubwa wa ngozi nyeusi. Jua la utosini la pwani hutia giza chini ya nyusi, chini ya pua na chini ya kidevu. Theluji iliyolala ardhini huirudisha nuru kwenda juu, ikaingia pale pale palipokuwa na giza, na siku ya mawingu, ambapo anga lote hutoa nuru laini kutoka juu na ardhi yote huijibu kutoka chini, uso huangazwa pande zote bila ya kivuli kikali. Ngozi katika nuru hiyo huonyesha wekundu na udhahabu uliomo ndani yake, macho hupata nukta mbili za weupe, ya mbinguni na ya ardhini, na hata mstari mdogo wa mafuta mdomoni, aliyoyapaka mama kuuzuia upepo usiupasue, huonekana waziwazi. Sijui chumba cha mpigapicha, hata kiwe na taa za thamani namna gani, kitakachotoa nuru ya upole kuliko hiyo.

Mwendo wa jua katika majira haya nao wataka kusemwa kwa kituo. Mombasa na Dar es Salaam jua huchomoza karibu wima, likapanda kwa haraka, na kabla ya saa nne asubuhi limekwisha kuwa kali. Mpigapicha wa pwani hupata nuru ya ubavuni kwa muda mfupi baada ya mawio na muda mfupi kabla ya machweo, kisha hungoja kivulini. Kaskazini, mwezi wa Desemba, mambo ni mengine. Tarehe 21 ya mwezi huo jua la adhuhuri mjini London hupanda kiasi cha nyuzi 15 tu juu ya upeo wa macho. Oslo halifiki nyuzi 7. Na Tromsø, iliyo ndani ya duara la Aktiki, halichomozi kabisa tangu mwisho wa Novemba hadi katikati ya Januari, ila anga la kusini hupambazuka kwa saa chache, likapita katika zambarau, waridi na samawati, na theluji ikazipokea rangi hizo zote kama zilivyo. Kwa hiyo mahali ambapo jua huonekana, mchana mzima ni alasiri. Kila mti una kivuli kirefu kuliko kimo chake, kila unyayo una ukingo wenye nuru na ukingo wenye giza, na mwanafunzi wa picha, ambaye kwao hufukuzana na nusu saa ya dhahabu, hapa hupewa saa tatu au nne za namna hiyo, sharti aamke kuzipokea, maana zikiisha zimeisha, na usiku wa huko ni mrefu.

Nuru hiyo ya chini haifai ikiwa nyuma ya mgongo wa mpigapicha. Theluji iliyoangazwa kutoka mbele hupoteza mwinuko na mteremko, ikawa bapa. Jua liwekwe ubavuni, au mbele kidogo kwa pembe, ili lipite juu ya theluji kwa kuikwaruza. Hapo ndipo kila punje inapopata kivuli chake, na uwanja uliodhaniwa kuwa mtupu ukafunua njia ya sungura, alama ya bawa la ndege aliyeruka, na mawimbi madogo yaliyofinyangwa na upepo wa usiku. Tena mtu asikimbilie kuingia. Theluji huandika kila hatua ya anayeikanyaga, na aliyeuvuka uwanja kwa haraka ili apate mahali pazuri pa kusimama hugeuka akakuta ameiharibu picha yenyewe kwa miguu yake. Azunguke kwanza, atazame, achague, kisha akanyage mahali ambapo hatapahitaji.

Vivuli hivyo, kwa mwenye kuvitazama bila ya haraka, si vyeusi wala si vya kijivu. Ni vya samawati. Sababu yake ni wazi: mahali ambapo jua halifiki, nuru ya anga hufika, na anga ni samawati, kwa hiyo kivuli juu ya theluji huangazwa na rangi ya anga peke yake. Mfaransa Claude Monet, alipochora ile picha yake ya kunguru mwenye mabaka ameketi juu ya lango la uzio, La Pie, katika majira ya baridi ya 1868 na 1869, alivipaka vivuli vya uzio huo samawati kama alivyoviona, na wakuu wa maonyesho ya Salon ya mwaka 1869 wakaikataa picha; leo imetundikwa katika jumba la Musée d'Orsay mjini Paris, na wanaosimama mbele yake hawahitaji kuambiwa kuwa ni asubuhi ya jua na ya baridi kali. Akili ya mtu hushikilia kuwa theluji ni nyeupe, jicho likaitii akili, na kamera ikajitolea kuisafisha rangi hiyo kana kwamba ni doa. Mpigapicha asiikubali huduma hiyo kwa ukamilifu wake. Aondoe samawati inayowafanya watu waonekane wagonjwa, lakini ile ya vivulini aiache, maana ndiyo iliyobeba habari ya baridi.

Theluji inayoanguka ina hukumu zake, tofauti na theluji iliyolala. Chembe zake zikiwa mbele ya anga la mawingu huonekana nyeusi, na zikiwa mbele ya ukuta wa matofali au msitu wa misonobari huonekana nyeupe. Kwa hiyo atakaye kuionyesha na atafute nyuma yake kitu cheusi. Muda wa nuru ukiwa sehemu ya 1/250 ya sekunde au mfupi zaidi, kila chembe husimama peke yake hewani. Ukiwa 1/60 au 1/30, hunyooka zikawa nyuzi, na upepo ukapata sura. Flashi humulika chembe zilizo karibu na lenzi zikawa miduara mikubwa, na kwa kawaida ni heri kuizima.

Tarehe 22 Februari 1893, theluji ya dhoruba ikivuma mjini New York, Alfred Stieglitz alisimama katika njia ya Fifth Avenue kwa muda wa saa 3, na kamera ndogo ya mkononi ambayo wakati ule wenye fani waliidharau kuwa ni chombo cha wapita njia, akingoja gari la farasi lifike mahali ambapo mistari yote ya njia, ya magurudumu na ya dhoruba ingekutana. Likafika, akapiga. Alipowaonyesha wenzake negativu yake, walimwambia aitupe, kwamba haikutoka vizuri, imefifia mno. Lakini kufifia huko ndiko kulikokuwa dhoruba: mtu aliyesimama humo haoni kingo za majumba zikiwa kali, haoni uso wa dereva, huona wingi mweusi ukimjia kutoka katika weupe unaokwenda mbio. Waliotaka ukali wa mistari walikuwa wakiipima picha kwa kipimo cha siku nyingine. Stieglitz aliichapa, akaikata akabakisha sehemu iliyokuwa na nguvu, na picha hiyo, Winter – Fifth Avenue, ikawa miongoni mwa zile zilizowalazimisha watu kukiri kuwa kamera ya mkononi yaweza kutoa kazi ya sanaa.

Kuna na wale walioikaribia theluji zaidi, wakauliza chembe moja ina sura gani. Katika kijiji cha Jericho, jimbo la Vermont, mkulima Wilson Bentley aliiunga kamera na darubini ya kukuzia vitu vidogo, na tarehe 15 Januari 1885, akiwa hajatimiza miaka 20, akapata picha yake ya kwanza ya chembe moja ya theluji. Kazi yake aliifanya katika banda lisilo na moto, maana joto lolote lingeyeyusha alichokitafuta. Aliunyosha ubao mweusi nje mpaka chembe chache zikatua. Akarudi bandani akizichungua. Ile iliyokamilika akaiinua kwa ncha ya kijiti, akaiweka juu ya kioo, akaituliza bapa kwa unyoya, na muda wote huo akizuia pumzi yake, kwa kuwa pumzi moja ya mtu ilitosha kuiondoa duniani kazi ambayo wingu lilikuwa limeifanya. Hakuacha mpaka kufa kwake, tarehe 23 Desemba 1931, na kwa muda huo alikusanya zaidi ya picha 5,000, asipate mbili zilizofanana.

Hata mtu huyu mwaminifu anatuachia suala la kutafakari. Ili sura ya chembe ionekane juu ya weusi safi, Bentley alikuwa akikwangua kwa kisu ile dawa ya negativu iliyolizunguka umbo la chembe, na tena alizipenda zaidi zile zilizotimia pembe zote sita, ilhali mawingu hutoa kwa wingi zilizovunjika na zilizopotoka. Mtaalamu wa hali ya hewa wa Ujerumani, Gustav Hellmann, alimlaumu kwa hilo. Mimi naona lawama ina haki yake na kazi ina haki yake. Kuusafisha uwanja ili kilichomo kionekane si sawa na kukibadili kilichomo. Lakini kuwachagua wazuri peke yao, kisha kuwaonyesha watu kana kwamba ndio kaumu nzima, ni kuikata shahada katikati. Mpigapicha wa leo, ambaye kwa kidole kimoja aweza kuifuta nguzo ya umeme na kuiongeza theluji isiyoanguka, anahitaji mpaka ulio wazi zaidi kuliko huo, na mpaka wangu ni kwamba nuru na rangi zirekebishwe mpaka zilingane na kilichoonwa, na zikishalingana mkono usimame.

Vyombo navyo vina mahitaji yao katika baridi, na asiyeyajua atarudi mikono mitupu hata kama macho yake ni ya hekima. Betri hudhoofika upesi katika baridi. Ile ya akiba ikae katika mfuko wa ndani, karibu na mwili, na iliyochoka ikipata joto hurudisha sehemu ya nguvu zake. Filamu hukauka ikawa nyepesi kukatika, na ikivutwa kwa kasi hutoa cheche ndogo za umeme zinazoacha alama. Basi ivutwe polepole. Hatari kubwa kuliko zote haiko nje, iko mlangoni: kamera iliyokwisha kupoa, ikiingizwa ghafla katika nyumba yenye joto na mvuke, huloa maji nje na ndani, na maji hayo yakaganda tena ikitolewa. Dawa yake ni kuifunga katika mfuko wa plastiki usiopitisha hewa kabla ya kuingia, na kuiacha humo mpaka ilingane na joto la chumba.

Mwingereza Herbert Ponting, aliyefuatana na Kapteni Scott katika Antaktiki na kukaa katika kibanda cha Cape Evans mwaka 1911, aliyajua haya kwa taabu, akazoea kuziacha kamera zake nje ya kibanda ili zisilowe. Siku moja, akiwa kazini, aliilamba midomo yake, ulimi ukagusa chuma cha kamera, ukanata papo hapo. Alipoubandua, ngozi ya ncha ya ulimi ilibaki juu ya chuma. Ponting ndiye aliyewafundisha wenzake upigaji picha, na wale watano waliofika Ncha ya Kusini Januari 1912 walijipiga picha huko, mmoja wao, Bowers, akivuta uzi uliofungwa katika kamera. Wote watano wakafa njiani wakirudi. Filamu ilikutwa hemani pamoja na maiti mwezi wa Novemba mwaka ule, ikasafishwa, na nyuso zao zikatokea: wamechoka, wameungua kwa upepo, hawana furaha, kwa kuwa Wanorwei walikuwa wamewatangulia. Hapana aliyewapanga watu wale waonekane mashujaa. Nuru iliingia, ikaandika walivyokuwa, na hiyo ndiyo sababu picha ile haizeeki.

Nasi watu wa Afrika ya Mashariki tuna sababu yetu ya kuiheshimu shahada ya theluji. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann, aliyetoka Rabai karibu na Mombasa, aliuona kwa mbali mlima wa Kilimanjaro na weupe juu ya kilele chake, na kiongozi wake akamwambia kuwa ni baridi. Naam, wenyeji wa miteremko ile walikuwa wakikitazama kila kulipokucha. Habari ilipofika London, bingwa wa jiografia William Desborough Cooley aliikanusha, na mwaka 1852 alikuwa angali akiikanusha, kwa hoja kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Cooley hakuwa ameuona mlima. Alikuwa na kanuni nzuri ya kitabuni, kanuni iliyo kweli mahali pengi, akaipa nguvu ya kulipinga jicho. Mpanda milima Hans Meyer alipofika kileleni Oktoba 1889 alikuwa na kamera. Mwaka 1912 Eduard Oehler na Fritz Klute waliupanda mlima, na picha za vipimo zilizopigwa katika safari yao zikawa msingi wa ramani ya barafu ya wakati ule, iliyokuwa kiasi cha kilomita za mraba 12. Ramani hiyo, ikilinganishwa na picha za ndege na za setilaiti, ndiyo inayotujulisha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya barafu ile imekwisha kutoweka, na kwamba mwaka 2011 ilikuwa imebaki chini ya kilomita za mraba 2. Waliozipiga picha za mwanzo hawakujua kuwa wanapima kitu kinachoondoka. Walikuwa wakipiga kilichokuwapo, kwa uangalifu, na uangalifu huo umekuwa hazina kwa watu ambao hawakuwa wamezaliwa.

Kilimanjaro haina majira ya baridi kama ya kaskazini, lakini fundisho lake laenea mpaka Vermont na Oslo, ambako pia wazee husimulia vipupwe vikali kuliko vya sasa, na wajukuu hawana pa kuyathibitishia masimulizi ila katika picha za zamani zilizowekwa vizuri. Kwa sababu hiyo naona kwamba anayetoka nje na kamera yake asubuhi ya theluji hafanyi mchezo, hata akiwa ametoka kwa furaha na watoto. Na atulie kabla ya kupiga, ajiulize ameona weupe wa namna gani, vivuli vya rangi gani, uso wa nani. Airekebishe kamera mpaka ikubaliane na jibu lake. Apige, kisha aitazame picha huku mahali penyewe pangali mbele ya macho yake, maana akifika nyumbani atakuwa na kumbukumbu tu, na kumbukumbu hushawishika kwa wepesi na kile kioo kinachomwonyesha. Na akiichapa au akiituma, aandike nyuma yake au chini yake tarehe, mahali, na majina ya waliomo, kwa sababu picha njema isiyo na tarehe ni shahidi aliyesema kweli asijulikane alikuwa akisema habari za siku gani.